Safari ya kuonja mvinyo: chagua bonde moja ukae humo

Ukitaka safari ya mvinyo ikufae, chagua bonde moja tu. Najua kishawishi kilivyo: tiketi ya ndege kwenda Ulaya ukishailipia, unaona heri uunganishe Bordeaux ya Ufaransa, Toscana ya Italia na Douro ya Ureno ndani ya wiki moja. Mwisho wake unashinda kwenye vituo vya treni na kuburuta mabegi. Mvinyo ni zao la mahali. Utauelewa ukionja wa shamba la kando ya mto leo, kesho ukaonja wa shamba la juu mlimani, zabibu ni ileile, na ulimi wako wenyewe ukakuonyesha tofauti.

Kabla ya kufungua ramani, jiulize unapenda nini. Apendaye mvinyo mweupe wenye uchachu mkali na pombe kidogo aende Mosel, Ujerumani, ambako zabibu za Riesling hulimwa kwenye miteremko mikali ya mawe meusi. Apendaye mwekundu mzito aitazame Mendoza, Argentina, nchi ya zabibu nyekundu iitwayo Malbec. Anayeanza kabisa, mimi humwelekeza Stellenbosch na Franschhoek, Afrika Kusini, kwa sababu mashamba yamekaribiana na wenyeji wamezoea kupokea wageni. Tena huko ndiko kwao Pinotage, zabibu aliyoizalisha Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Bordeaux iache kwa safari ya baadaye. Ina mvinyo wa kutukuka, lakini nyumba nyingi kubwa hazikufungulii mlango bila miadi, na ziara zake humfaa zaidi mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta.

Moyo wangu mimi uko Douro, Ureno, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko.

Kuhusu majira, wengi hukimbilia wakati wa mavuno: kaskazini mwa ikweta ni kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, kusini ni kama Februari hadi Aprili. Mavuno yana utamu wake. Douro bado utakuta watu wamesimama bega kwa bega ndani ya birika la mawe wakikanyaga zabibu kwa miguu. Lakini ndicho kipindi ambacho mwenye shamba hana hata dakika tano za kuzungumza nawe, na vyumba huisha mapema. Kwa safari ya kwanza napendelea Mei au mwanzo wa Juni. Mizabibu ni kijani, mwenyeji ametulia, atakaa nawe mezani mpaka maswali yaishe. Julai na Agosti ziepuke kabisa Douro. Jua la bondeni humaliza hamu ya mvinyo mwekundu kabla hujafika mlangoni.

Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo, maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje huo mwisho. Bima ya safari wanayoitaka ni ya matibabu yasiyopungua euro 30,000. Weka nafasi ya chumba inayoweza kufutwa mpaka viza itoke, ndipo uanze kuwaandikia wenye mashamba.

Barua hizo ndizo zinazoamua safari itakuwaje. Andika wiki tatu au nne kabla, kwa ufupi: mko wangapi, mnafika lini, mnazungumza lugha gani, na mnapenda mvinyo wa namna gani. Kisha ongeza ombi moja, kwamba mngependa kutembezwa shambani kabla ya kuonja. Shamba dogo likipata barua ya mtu anayeonyesha kujali, mara nyingi anayekupokea ni mwenye shamba mwenyewe.

Panga mashamba mawili kwa siku, moja saa nne au tano asubuhi, jingine saa tisa alasiri. Fanya hesabu. Glasi ya kuonja huwa na kama mililita 40. Aina sita ni mililita 240, yaani karibu theluthi ya chupa. Ukienda mashamba matatu bila kutema, umekunywa karibu chupa nzima, na Port, ule mvinyo mtamu wa Douro unaoongezwa pombe kali, ina pombe ya asilimia 20 hivi. Kwa hiyo tema. Chombo cha kutemea kiko mezani kwa kazi hiyo, na mtengenezaji mvinyo mwenyewe hutema kutwa. Gari mpe dereva wa kukodi, au panda treni.

Treni ya Douro inatosha kuwa sababu ya kwenda. Ukitoka jiji la Porto kuelekea Pinhão, mji mdogo ndani ya bonde, kaa upande wa kulia. Mwanzoni hakuna la ajabu, kisha reli inaukuta mto na kuanzia hapo inaandamana nao, matuta ya mizabibu yakipanda ng'ambo. Stesheni ya Pinhão usiipite mbiombio: kuta zake zina vigae vya buluu vinavyoonyesha mavuno yalivyokuwa, na mashamba kadhaa yanafikika kwa miguu kutoka hapo.

Siku ya kuonja usijipulize manukato, kula kitu kwanza, na beba maji. Ukiwa shambani wakati zabibu zinakaribia kuiva, omba punje moja uitafune polepole. Kwanza utasikia sukari. Kisha tafuna ganda peke yake, usikie ukakasi ukikamata ufizi. Mwisho toa mbegu uitazame: ya kijani ni chungu, bado, ya kahawia hukatika kwa mlio kama karanga kavu. Ukakasi huohuo utakutana nao baadaye kwenye glasi, na safari hii utajua umetoka wapi. Ukifika mezani, anza na mweupe, kisha mwekundu, Port mwisho. Tazama rangi, zungusha glasi, nusa kwa utulivu, ndipo uonje. Andika maneno mawili matatu ya kwako kwa kila mvinyo, kwa sababu jioni yote yatakuwa yamechanganyika.

Chupa za kubeba zinunue siku za mwisho. Kila moja ina uzito wa kilo moja na robo hivi, basi acha nafasi kwenye begi tangu unatoka nyumbani. Kwenye viwanja vingi vya ndege mvinyo haupiti na mzigo wa mkononi kwa sababu ya kikomo cha mililita 100 za kimiminika. Uufunge kwa nguo katikati ya begi kubwa, mbali na kingo. Kanuni za usalama wa ndege haziwekei kikomo pombe iliyo chini ya asilimia 24, ila forodha ya unakoenda ina kiwango chake, kikague kabla ya kununua. Ukifika, ziache chupa zipumzike wiki moja au mbili mahali penye giza. Port ya tawny, iliyokomazwa kwenye mapipa ya mbao, ukiifungua itakaa wiki kadhaa kwenye jokofu bila kuharibika. Ile ya vintage, ya mavuno ya mwaka mmoja na iliyokomaa ndani ya chupa, ifungue siku una wageni, maana inapaswa kuisha ndani ya siku mbili.