Kumtambua Panzi wa Mbawa Zenye Mkanda

Akitulia juu ya udongo mtupu, panzi wa nusufamilia Oedipodinae huonekana kama kokoto. Ukimkaribia huruka, mbawa za nyuma zikifunua wekundu au unjano wenye mkanda mweusi. Akitua, rangi yote hufichika. Kwa hiyo usifuate rangi, shika kwa macho mahali alipotua. Mwendee asubuhi angali mzito kwa baridi, mfunike kwa wavu kutoka juu, kisha inua ncha ya wavu: atapanda mwenyewe.

Anza na vipapasio. Vikiwa virefu kuliko mwili, huyo ni wa jamaa ya senene. Vikiwa vifupi, mgeuze chali utazame katikati ya miguu ya mbele. Ukikuta kijipembe kimechomoza hapo, mwondoe kundini. Nzige wa jangwani (Schistocerca gregaria) anacho, na nzige mwekundu pia. Pakiwa laini, chukua lenzi ya mara 10 utazame upande wa ndani wa paja la nyuma. Safu ya vijino hapo ni ya Gomphocerinae, nusufamilia nyingine ya panzi. Oedipodinae vijino vyao viko kwenye mshipa wa ziada, katikati ya ubawa wa mbele.

Wengi hukosea hapa: huona mkanda wakahitimisha. Mkanda ni ushahidi wa pili tu. Locusta migratoria, nzige mhamaji, hana mkanda kabisa, na bado ni wa Oedipodinae.

Kwa jenasi, tazama ngao ya shingo. Gastrimargus ana mkuku (ukingo wa katikati ya ngao) ulioinuka kama upinde, na mbawa za nyuma za njano. Oedaleus ana mistari myeupe iliyopangika kama X iliyokatika katikati. Acrotylus ni mdogo, mwenye vinyweleo, na mkuku wake ni mfupi.

Andika rangi ya ubawa wa nyuma na ya muundi siku hiyohiyo, pamoja na mahali na tarehe. Muue kwenye friza, usiku mmoja unatosha. Aliye mkubwa mpasue tumbo chini utoe utumbo, la sivyo ataoza awe mweusi. Pini ipite kwenye sehemu ya nyuma ya ngao, kuume kidogo kwa mkuku, na mbawa za kushoto zitandazwe kabla hajakauka. Usimtie kwenye spiriti: wekundu hufifia, nawe utabaki na panzi wa kahawia asiye na jina.