Chunjua Zisizokwisha Katika Nyayo za Mtoto: Namna ya Kuzitibu Nyumbani

Mzazi anayerudi duka la dawa kwa mara ya tatu au ya nne akitafuta dawa nyingine ya chunjua za mwanawe, mara nyingi hahitaji dawa nyingine. Chunjua za unyayo, ambazo wengine huziita masundosundo, hukandamizwa na uzito wa mwili kila mtoto anapokanyaga, zikajificha chini ya tabaka nene la ngozi iliyokufa, na dawa inayopakwa juu ya tabaka hilo huishia hapo hapo juu. Kinachohitajika ni kuifikisha dawa mahali pake na kuitumia kwa muda unaotosha, baada ya kuhakikisha kwamba kinachotibiwa ni chunjua kweli.

Mkalishe mtoto karibu na dirisha mchana, mwoshe unyayo, uufute, kisha utazame ile mistari myembamba ya ngozi. Kwenye sugu ya kawaida, inayotokana na kiatu kubana au kutembea peku, mistari hiyo hupita juu ya uvimbe bila kukatika. Kwenye chunjua hufika ukingoni ikakatika, kisha ikaendelea upande wa pili. Maumivu nayo husaidia kutofautisha, kwa kuwa sugu huuma ikibonyezwa kutoka juu, ilhali chunjua huuma zaidi ikifinywa kutoka pande mbili kati ya vidole. Aghalabu utaona pia vitone vyeusi vilivyotawanyika ndani yake. Watu wengi huvidhani kuwa mizizi, lakini ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Chunjua haina mizizi, na mzazi anayeichimba kwa pini ili aing'oe humtesa mtoto bure na kuifungulia njia ya kusambaa.

Katika maeneo yenye funza, kosa hilo la pini hutokea kwa urahisi zaidi. Funza huonyesha kitone kimoja cheusi katikati ya duara jeupe lililovimba, huwasha, hupenda kukaa pembeni mwa kucha, na hukua ndani ya siku chache. Chunjua ni ngumu, hukua taratibu kwa wiki na miezi, na vitone vyake huwa zaidi ya kimoja. Ikiwa bado una shaka, mwonyeshe mhudumu wa afya kabla ya kugusa chochote.

Chunjua husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo huingia kupitia mipasuko midogo ya ngozi, hasa ngozi iliyolowa na kulainika. Kwa sababu hiyo sakafu zenye majimaji ambazo watoto wengi huzikanyaga peku, kama vile mabafu ya shule za bweni, mahali pa kutawadhia na kando ya mabwawa ya kuogelea, ndizo sehemu ambazo mtoto huambukizwa kwa urahisi. Miezi kadhaa huweza kupita kati ya kuambukizwa na uvimbe kuonekana, hivyo kumtafuta mtoto mwingine wa kulaumiwa hakuna maana. Wapo pia wazazi wanaouliza kama chanjo ya HPV wanayopewa wasichana, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, ingezuia chunjua za miguu. Chanjo hiyo inalenga aina za virusi zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambazo si zile zinazoota kwenye nyayo. Ni muhimu sana kwa kazi yake, lakini si dawa ya tatizo hili.

Kabla ya kuanza matibabu, jiulize kama yanahitajika. Kwa watoto, takribani nusu ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na theluthi mbili ndani ya miaka 2, pale kinga ya mwili inapovitambua virusi na kuvishambulia. Chunjua moja isiyouma, kwa mtoto anayecheza na kukimbia kama kawaida, kwa maoni yangu inafaa kuachwa huku ikitazamwa kila mwezi. Matibabu yanastahili pale mtoto anapochechemea, anapoanza kukanyaga kwa ubavu wa mguu, anapochekwa na wenzake, au chunjua zinapoongezeka.

Dawa ya kuanza nayo ni asidi ya salisiliki. Ile ya maji maji huwa na nguvu ya asilimia 15 hadi 17 au zaidi kidogo, na zipo plasta zenye asilimia 40. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu kosa moja hujirudia mara nyingi: mzazi hupewa mafuta ya Whitfield, ambayo nayo yana asidi hiyo, lakini kwa asilimia 3 tu. Mafuta hayo yametengenezwa kwa ajili ya fangasi wa ngozi, na hata yakipakwa mwaka mzima hayawezi kuyeyusha ngozi ngumu ya unyayo. Kwa mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 2, usianze dawa hii bila ushauri wa daktari, na kwa wakubwa zaidi fuata umri ulioelekezwa kwenye karatasi ya dawa.

Kazi yenyewe hufanywa jioni, mtoto akishamaliza kucheza. Loweka mguu wake katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, mpaka sehemu ya juu ya chunjua igeuke nyeupe na kulainika. Kisha isugue kwa jiwe la kusugulia miguu au tupa ya kucha, kwa mkono mwepesi, ukiondoa ule unga mweupe tu; ukiona uwekundu au mtoto akiuvuta mguu, simama hapo. Hatua hii ndiyo wazazi wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama dawa itafika au haitafika. Jiwe au tupa hiyo iwe ya chunjua peke yake, isitumike kwa kucha wala kwa mtu mwingine, kwa maana hubeba virusi, na unawe mikono kwa sabuni kila ukimaliza.

Ukaushe mguu, kisha paka mafuta ya mgando kwenye ngozi nzima inayozunguka chunjua, kama ukuta mwembamba, ili asidi isiichome. Tumia kijiti cha meno kudondosha dawa katikati, tone moja baada ya jingine, ukisubiri kila tone likauke na kuacha utando mweupe. Dawa nyingi za aina hii hushika moto kwa urahisi, hivyo usiipake karibu na jiko wala mshumaa, na chupa ikae mbali na watoto na macho yao. Funika kwa plasta hadi kesho yake, kisha bandua utando uliobaki na urudie yote.

Ngozi ikiwa nyekundu na mtoto akilalamika kwamba inauma, pumzika siku mbili au tatu, kisha uendelee. Mapumziko hayo hayaharibu kazi. Kinachoiharibu ni kuacha kabisa katika wiki ya tatu kwa sababu hakuna mabadiliko yanayoonekana, au katika wiki ya sita kwa sababu maumivu yamekwisha. Panga tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya wiki 12, na umwambie mtoto hivyo. Kipimo cha kupona ni ile mistari ya ngozi: ikirudi kupita juu ya mahali hapo bila kukatika na vitone vyeusi vikitoweka, chunjua imekwisha. Mistari ikiwa bado imekatika, hata kama pamekuwa laini, virusi vimo na uvimbe utarudi.

Wapo watakaokushauri umpeleke mtoto hospitali kubwa chunjua igandishwe kwa naitrojeni kimiminika, ambayo baridi yake hufikia nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni tiba halali, lakini inauma, huacha lengelenge, na hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3. Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na Ireland na kuchapishwa mwaka 2011, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi wenye chunjua za unyayo, ulilinganisha tiba hiyo na asidi ya salisiliki ya asilimia 50 inayopakwa na mgonjwa mwenyewe nyumbani, na kila upande takribani watu 14 kati ya 100 ndio waliokuwa wamepona kabisa baada ya wiki 12. Takwimu hiyo ndogo isikukatishe tamaa. Inaonyesha ni kwa nini subira inahitajika kwa tiba yoyote, na ni kwa nini sioni sababu ya kumwanzishia mtoto ile inayoumiza zaidi.

Yapo mambo ambayo mtoto asifanyiwe kamwe. Maji ya betri huunguza ngozi hadi nyama ya ndani na huacha kovu ambalo huuma kila anapokanyaga, wakati chunjua ingeondoka bila alama. Utomvu wa mnyaa huchoma ngozi, na tone moja likifika jichoni kwa kidole cha mtoto linaweza kumdhuru vibaya. Kukata kwa wembe huleta damu na usaha. Kuhusu kuifunika chunjua kwa tepe yenye gundi peke yake, matokeo ya tafiti yamepingana. Haina madhara makubwa, lakini usiitegemee.

Mpeleke mtoto kwa daktari bila kujaribu dawa nyumbani ikiwa ana kisukari, ikiwa nyayo zake zina ganzi, au ikiwa uvimbe uko usoni au sehemu za siri. Fanya hivyo pia ikiwa uvimbe unatoa damu au usaha, au ikiwa chunjua ni nyingi mno na zinaenea haraka miguuni na mikononi. Hali hiyo ya mwisho inaweza kuashiria kinga iliyopungua, na daktari akipendekeza kipimo cha VVU, kikubali bila kusita, kwa kuwa matibabu ya mapema humpa mtoto afya njema.

Wakati wa matibabu mtoto aendelee na shule, madrasa na michezo. Avae ndala bafuni, awe na taulo lake, na afunike chunjua kwa plasta isiyoingiza maji anapokwenda kuogelea. Kwa mtoto wa bweni, likizo peke yake haitoshi kukamilisha wiki 12. Zungumza na matroni mapema, umkabidhi dawa pamoja na jiwe na plasta, na umwonyeshe kwa vitendo namna ya kusugua kabla ya kupaka.