Fumbo la Hisabati: Sema Sentensi Kabla ya Kuandika x

Wanafunzi wangu wa darasa la saba wakipewa 5x + 1,000 = 14,000 wanaimaliza upesi. Ukiuficha mlinganyo huohuo ndani ya habari ya sokoni, kalamu zinasimama. Kukokotoa wanajua. Kinachowashinda ni kuyatoa maneno na kuyaweka kwenye alama, na hilo linafundishika.

Chukua habari hii. Mama amenunua kilo 3 za mchele na kilo 2 za sukari, akalipa shilingi 14,000. Bei ya kilo ya sukari inazidi ya mchele kwa shilingi 500. Kilo ya mchele ni shilingi ngapi?

Weka kalamu chini. Tafuta vitu viwili vinavyolingana katika habari, uvitamke: "Fedha ya mchele ukijumlisha na fedha ya sukari ni sawa na 14,000." Mlinganyo umeshaupata, herufi zinakuja kuufupisha tu. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeandika aljebra yake (hisabati ya kutafuta namba isiyojulikana) Baghdad katika karne ya 9, aliieleza yote kwa maneno, na alama ya = ilichapishwa kwanza na mwanahisabati Robert Recorde mwaka 1557. Mtoto anayeanza na maneno hajachelewa hata kidogo.

Sasa andika x ni nini, kwa sentensi kamili: x ni bei ya kilo moja ya mchele kwa shilingi. Usikubali kamwe "x ni mchele". Herufi inashika nafasi ya namba. Kilo ya sukari basi ni x + 500, na malipo yote ni 3x + 2(x + 500) = 14,000. Mabano yasisahauliwe, maana ile 500 inalipwa kwa kila kilo ya sukari. Mchele unatoka 2,600.

Kwa nini nakazania hiyo "x ni mchele"? Tazama fumbo hili: shule ina wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja. Idadi ya wanafunzi iwe n, ya walimu iwe m. Wengi, hata watu wazima waliosoma sana, huandika 40n = m, kwa kuwa wanafuata mpangilio wa maneno na kuisoma n kama "wanafunzi". Jaribu kwa namba ndogo. Walimu 2, wanafunzi 80: je, 40 × 80 ni 2? Sahihi ni n = 40m. Jaribio hilo la namba ndogo linaokoa kuliko kanuni yoyote ninayoijua.

Orodha za kukariri, za "zaidi maana yake jumlisha", mimi sizitumii. Juma ana kalamu 8, ambazo ni 3 zaidi ya za Neema. Neema ana ngapi? Aliyekariri anaandika 8 + 3. Aliyesema sentensi anaandika n + 3 = 8, n ikiwa idadi ya kalamu za Neema. Vivyo hivyo "7 pungufu ya y" ni y − 7, ingawa 7 imetajwa kwanza. Na walimu wenzangu, tuache kutunga maswali yenye "mara tatu zaidi ya": mmoja anaelewa 3x, mwingine 4x, na wote wana hoja. Andikeni "mara tatu ya".

Mafumbo ya umri yana mtego mmoja. Umri wa baba ni mara nne ya umri wa mtoto. Baada ya miaka 6 utakuwa mara tatu ya umri wa mtoto. Wengi humwongezea baba 6 na kumwacha mtoto palepale: 4x + 6 = 3x, jibu −6. Ukiirudisha −6 kwenye mlinganyo huo, unakubali, pande zote mbili ni −18. Ndiyo maana jibu hurudishwa kwenye habari yenyewe, na habari haina mtoto wa miaka −6. Ukiandika 4x + 6 = 3(x + 6), mtoto ana 12 na baba 48; baada ya miaka 6 watakuwa na 18 na 54.