Mtihani wa Kuajiri Wahandisi Serikalini: Weka Nguvu Pale Alama Zinapopotea

Shirika la serikali nchini Kenya likitangaza nafasi chache za wahandisi, maombi humiminika kutoka kila kaunti, na mara nyingi mtihani wa kuandika ndio chujio la kwanza kabla ya usaili. Maswali mengi ya mtihani wa aina hii ni ya kiwango cha mwaka wa pili na wa tatu chuoni. Aliyehitimu uhandisi Egerton, Moi au Masinde Muliro ameshayasoma. Anachokosa ni mazoezi ya kuyajibu kwa mkono huku saa ikikimbia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni hesabu, na mengine tunayagusa kwa kifupi.

Karatasi zianze leo

Usingoje kuitwa ndipo utafute stakabadhi za Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu: cheti cha ulipaji kodi cha KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha mwenendo mwema cha DCI (idara ya upelelezi), fomu ya kujitangaza ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na ripoti ya CRB (inayoonyesha ulivyolipa mikopo). Matangazo mengine huzitaka pamoja na maombi, mengine huzitaka siku ya usaili, na mwombaji mzuri huachwa nje kwa kukosa moja tu.

Mbili ndizo huchelewesha watu. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapigwa alama za vidole, kwa mfano kwenye Huduma Centre ya Nakuru, Kisumu au Kakamega. Baada ya hapo ni kungoja, na huwezi kuharakisha. Cheti cha KRA nacho hukwama kwa sababu ambayo wengi hawaitarajii: ulifungua PIN (nambari ya mlipa kodi) ukiwa mwanafunzi ili uombe mkopo, hukuwahi kuwasilisha ritani za sifuri, yaani taarifa kwamba hukupata kipato, na sasa kila mwaka ulioruka una faini ya Sh2,000. Ingia iTax, tovuti ya kodi ya KRA, leo uone kama kuna ritani inayodaiwa. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni 30 Juni kila mwaka, na cheti hicho hudumu miezi 12.

Hakikisha pia usajili wako. Tangazo likitaka mhandisi mhitimu aliyesajiliwa, linamaanisha Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK. Uanachama wa IEK, chama cha wahandisi, ni kitu kingine na hauchukui nafasi ya usajili huo. Mafundi mchundo na wanateknolojia wa uhandisi wana bodi yao, KETRB.

Kazi ya umma haiuzwi. Anayekuomba pesa ili jina lako "liingizwe kwenye orodha" ni tapeli, hata kama amekutumia barua yenye nembo.

Tangazo lina maswali ndani yake

Chukua karatasi, uigawe mara mbili. Kushoto nakili majukumu ya kazi neno kwa neno. Kulia andika mada za kitaaluma zinazotokana na kila jukumu. Nafasi ya mhandisi wa maji ikisema "kusimamia mitambo ya kusukuma maji", upande wa kulia andika: nguvu ya pampu, kimo cha kusukuma, msuguano kwenye bomba, mapovu ya mvuke yanayokula mapanga ya pampu, na mshtuko wa maji vali inapofungwa ghafla. Nafasi ya barabara ikitaja mitaro na kalvati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara), andika hesabu ya maji ya mvua, mteremko na uwezo wa bomba. Mada isiyo na jukumu lake kwenye tangazo isome mwisho, ukipata nafasi.

Kisha ongeza mazingira ya eneo, kwa maana watahini na majopo hupenda kuona kama unajua unakokwenda kufanya kazi. Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, una udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Uweze kueleza kwa nini lami inakatika juu yake na unavyotibiwa: kuuondoa na kujaza udongo bora, kuuchanganya na chokaa, na zaidi ya yote kuzuia maji yasiufikie. Maji ya visima ya upande wa Nakuru hujulikana kwa floridi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Urefu kutoka usawa wa bahari ni jambo ambalo watu wa kwetu hulisahau ilhali tunaishi juu yake. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134, na mji wa Nakuru takriban 1,850. Kwenye usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa unaweza kuinua maji mita 10.3. Kisumu ni kama mita 9.0, Nakuru kama 8.3, na hiyo ni kabla ya kutoa msuguano, mgandamizo wa mvuke na kiasi ambacho pampu yenyewe inadai. Pampu inayovuta maji vizuri Mombasa inaweza kutoa mapovu na kelele Nakuru kwa kina kile kile. Mota za kawaida nazo hukadiriwa kwa matumizi hadi mita 1,000, kwa hiyo eneo letu lote, kutoka Kisumu hadi Nakuru, liko juu ya kiwango hicho na uwezo wake hupunguzwa.

Hesabu: maswali 20 kila siku, kwa mkono

Fanya maswali 20 kwa dakika 30. Tumia kikokotoo cha kawaida kisichohifadhi programu, na siku nyingine kiache kabisa, kwa kuwa huenda usiruhusiwe kuingia nacho. Yaweke kichwani: mzizi wa 3 ni 1.73, pai kwa nne ni 0.785, g (mvutano wa dunia) ni 9.81, volti za fezi tatu ni 415 na za fezi moja ni 240.

Haya ni maswali manne ya kiwango hicho. Tazama jinsi jibu la makosa linavyofanana na jibu zuri, kwa sababu mtahini hulipanga miongoni mwa machaguo makusudi.

Mota ya fezi tatu inatoa kilowati 22, ufanisi 0.9, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) 0.85. Mkondo ni 22,000 ÷ (1.73 × 415 × 0.85 × 0.9), yaani ampea 40. Ukisahau ufanisi utapata 36. Ukisahau mzizi wa 3 utapata 69. Kumbuka kwamba kilowati zilizoandikwa kwenye kibao cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si ile inayoingia kutoka kwenye waya.

Pampu inasukuma mita za ujazo 50 kwa saa hadi kimo cha mita 60, ufanisi 0.7. Kwanza gawa 50 kwa 3,600 upate 0.0139 kwa sekunde. Kisha 1,000 (kilo za maji kwa mita ya ujazo) × 9.81 × 0.0139 × 60 ÷ 0.7 inakupa karibu kilowati 11.7. Anayezidisha kwa 0.7 badala ya kugawa hupata 5.7. Pampu hula nguvu zaidi ya inayotoa, kwa hiyo jibu lako lisiwe dogo kuliko nguvu ya maji yenyewe, ambayo hapa ni 8.2.

Eneo la hekta 36 linamwaga maji kwenye kalvati, sehemu inayotiririka ni 0.4 na mvua ni milimita 90 kwa saa. Zidisha 0.4 × 90 × 36, gawa kwa 360: mita za ujazo 3.6 kwa sekunde. Hiyo 360 ni ya hekta. Swali likitoa kilomita za mraba, badilisha kwanza. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100.

Zege la 1:2:4 (simiti, mchanga na kokoto), mita moja ya ujazo, linataka mifuko mingapi ya simiti ya kilo 50? Vifaa vikiwa vikavu hukaa nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo anza na mita za ujazo 1.54 badala ya moja. Gawa kwa 7 (jumla ya 1, 2 na 4), zidisha kwa 1,440 (kilo za simiti kwa mita ya ujazo): kilo 317, yaani mifuko 6.3. Asiyejua 1.54 huandika 4.1, na kwa hesabu hiyo simiti ingemwishia kazini.

Sehemu ya hesabu za jumla ina mitego midogo zaidi. Mifereji miwili inajaza tangi kwa saa 6 na saa 4. Ikifunguliwa pamoja ni saa 2.4, ambayo ni saa mbili na dakika 24, wala si dakika 40. Bei pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ni Sh580,000. Kabla ya kodi ni 580,000 ÷ 1.16, yaani Sh500,000. Kutoa asilimia 16 ya 580,000 hukupeleka 487,200, na jibu hilo halikosi kwenye machaguo.

Weka daftari la makosa. Kila swali ulilokosa, andika sababu moja kati ya nne: sikujua, nilikosea vizio (kama mita, saa au kilowati), nilisoma vibaya, au muda uliniishia. Baada ya wiki mbili, hesabu ni sababu zipi zimezidi. Ukiona vizio vinaongoza, acha kusoma sura mpya. Andika vizio kando ya kila tarakimu unapokokotoa hadi mkono uzoee. "Sikujua" pekee ndiyo inayotibiwa na kitabu.

Sheria: chache, lakini kwa undani

Katiba ya 2010 ndiyo mama. Jua Ibara ya 10 kuhusu maadili ya kitaifa, 227 kuhusu ununuzi wa umma, 232 kuhusu kanuni za utumishi wa umma, na Sura ya Sita. Mhandisi aongeze Jedwali la Nne, linalogawa kazi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu, ilhali barabara za kaunti, taa za barabarani, maji na usafi, na mitaro ya maji ya mvua ni za kaunti. Swali la "mtaro umeziba mtaani, ni jukumu la nani?" linajibiwa hapo.

Ongeza Sheria ya Wahandisi ya 2011, ya Ununuzi wa Umma ya 2015, ya Usalama Kazini ya 2007, ya Mazingira ya 1999, na ile ya sekta yako: Maji 2016, Kawi 2019 au Barabara 2007, iliyounda KeNHA, KURA na KeRRA, mamlaka za barabara kuu, za mijini na za mashambani. Soma sehemu zinazoeleza kazi za taasisi, ukiacha vifungu vya adhabu kwa baadaye.

Wiki nane, kama unazo

Wiki mbili za kwanza ni za hesabu za msingi na karatasi. Tatu zinazofuata, mada za tangazo asubuhi na sheria jioni. Mbili za baadaye, mtihani kamili kila siku ya pili. Wiki ya mwisho ni daftari la makosa peke yake. Ukiwa na wiki tatu tu, kata mada mpya lakini usikate mitihani ya majaribio. Kundi la watu watatu au wanne wa fani tofauti husaidia, mradi kila mmoja aje na maswali aliyoyatunga, kwa sababu kutunga jibu la mtego hukufundisha kuliona.

Ndani ya chumba

Soma maagizo kuhusu kukatwa alama. Jibu la makosa likikatwa robo, na machaguo ni manne, kubahatisha bado kuna faida ndogo, na huwa nzuri ukishaondoa chaguo moja. Likikatwa theluthi, usibahatishe mpaka uondoe angalau moja. Maagizo yasiposema lolote, usiache swali tupu.

Pita mara tatu: kwanza ya papo hapo, kisha yanayohitaji hesabu, mwisho yale magumu. Ukiruka swali, ruka na nafasi yake kwenye karatasi ya majibu. Kusogea mstari mmoja huharibu kila kinachofuata.

Kama kituo ni Nairobi, anayetoka Kisumu au Kakamega afike jana yake. Basi la usiku hukufikisha, lakini hukutua ukiwa na usingizi saa ile ile unayohitaji kukokotoa. Beba kitambulisho halisi, barua ya mwaliko iliyochapishwa na kalamu mbili.

Jioni hiyo, kabla hujalala, andika maswali yote unayoyakumbuka, hasa yaliyokushinda, na uyatafutie majibu wiki hiyo. Jopo la usaili linaweza kuuliza mambo yale yale, safari hii likitaka ueleze kwa mdomo ulivyofikia jibu.