Kumtambua mahututi kwenye wodi ya kawaida

Mdogo wangu uliyeanza zamu za usiku, anza na pumzi. Kuna mama mmoja nilimpita nikasema amelala vizuri. Faili lake liliandikwa pumzi 20 kwa dakika, kama mafaili yote ya wodi ile. Saa tisa usiku nilipomwekea mkono kifuani nilihesabu 38. Hakufika asubuhi. Tangu hapo siandiki namba ambayo sijaihesabu mwenyewe.

Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba unapima mapigo, kisha uulaze mkono huo juu ya kifua chake na utazame kinavyopanda na kushuka. Usimwambie unachohesabu, maana akijua atabadilisha anavyopumua. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa dogo linakuwa kubwa.

Kwa mtu mzima, shtuka pumzi zikizidi 30 au zikiwa chini ya 8; mapigo yakizidi 130 au yakishuka chini ya 40; namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90; oksijeni ikiwa chini ya asilimia 90; au ukimwita asiitike. Kabla hujaiamini oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni, futa rangi ya kucha na upashe moto kidole kilichopoa.

Vipimo hivi ndivyo vilivyotumika kwenye utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2025. Karibu 7 kati ya kila mahututi 10 walikutwa wodi za kawaida, yaani mikononi mwetu. Na wengi wa waliopoteza fahamu hata kulazwa kiubavu hawakulazwa! Hilo linaniuma, kwa sababu halihitaji mashine.

Simama ubavuni pake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe, goti la upande wa pili likunje, kisha vuta bega na goti pamoja akugeukie. Inua kidevu kidogo, mdomo uelekee chini, mate na matapishi yatoke. Aliyepata ajali usimgeuze peke yako. Ita wenzako, shingo na mgongo vigeuke pamoja.

Oksijeni ikiwa imeshuka, weka mara moja, kisha piga simu. Usimwambie daktari "hali si nzuri". Sema: "Kitanda cha 6, pumzi 36, oksijeni 86, nimeweka lita 5 na bado haijapanda. Nipo hapa kitandani, nakusubiri."