Ukikwama kwenye fumbo la maneno, omba herufi, usiombe jibu

Najaza fumbo la maneno la gazeti kila siku, na kila siku kuna mahali nakwama. Zamani nikikwama nilimgeukia aliye karibu nami, ananitajia neno, naliandika, tunaendelea na mengine. Fumbo lilijaa lakini sikuridhika. Neno nililotajiwa lilinitoka kichwani kabla ya jioni, na likirudi wiki iliyofuata nilikwama palepale.

Siku hizi naomba msaada kwa mpangilio, na ninachoomba ni herufi. Herufi moja mahali pake hufungua neno, kisha neno hilo hufungua majirani zake. Na kuomba si aibu. Arthur Wynne alipochapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lilikuwa na umbo la almasi, na neno moja la herufi tatu, FUN, lilikuwa limeshajazwa. Msomaji alipewa pa kuanzia na mtunzi mwenyewe.

Chukua penseli, si kalamu ya wino, tuanze.

Hatua ya 1: Maliza kwanza msaada uliomo ndani ya fumbo

Pitia vidokezo vyote, vya kulia na vya chini, bila kung'ang'ania kimoja. Jaza methali zenye pengo ("Haraka haraka haina ____", herufi sita: BARAKA), kisha maneno mafupi ambayo huna shaka nayo. Hapo ndipo urudi kwenye magumu, maana sasa yana herufi za njia panda, yaani zile za visanduku ambamo neno la kulia na la chini hukutana.

Tuseme kidokezo cha kulia ni "Kasirika (6)". Mimi yananijia mawili: CHUKIA na HAMAKI. Yote yana herufi sita na yote yanafaa. Ukiandika mojawapo kwa kubahatisha, unaweza kuharibu pembe nzima ya fumbo. Tazama kisanduku cha mwisho: kuna neno la chini linaloanzia hapo, "Kiungo kinachotengeneza nyongo (3)". Ni INI. Basi neno la kulia linaishia na I, na CHUKIA imeondoka yenyewe. Hukumuuliza mtu yeyote.

Hatua ya 2: Iulize sarufi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na nasikitika kuona wengi wakiiruka. Kiswahili kina mpangilio unaokupa herufi kabla hata hujajua neno.

Anza na kisanduku cha mwisho. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Yasiyoishia hivyo, kama TAKRIBAN na BIN, ni machache, ukiacha majina na vifupisho. Kwa hiyo mwisho wa karibu kila neno una herufi tano tu za kuchagua. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia na A. Kikiishia na I, E au U, mara nyingi ni cha kukopa kutoka Kiarabu, kama FIKIRI, SAMEHE na JIBU.

Kisha sikiliza kidokezo kinavyosema, kwa sababu kidokezo kizuri na jibu lake huvaa sare. Kikianza na ku-, tarajia jibu lianze na KU. Kikiwa katika wingi, jibu nalo ni la wingi, na viambishi vinavyotokea mara nyingi ni WA, MA, MI na VI. Angalia: herufi ya pili ni A au I tu. Ngeli ya N hukuvuruga kidogo, maana NYUMBA ni nyumba iwe moja au kumi, lakini hata hivyo umeshapunguza sana.

Kidokezo cha "Anayeshona nguo" kinaweza kuwa FUNDI, MSHONI au MSHONAJI. Idadi ya visanduku itaamua lipi, ila yote matatu yanaishia na I. Iandike hiyo I kwa wepesi, uone neno linalopita hapo linasema nini.

Konsonanti nazo zina tabia zao. C haikai peke yake, hufuatwa na H. Q na X hazina kazi katika maneno yetu. M na N hutangulia konsonanti nyingine bila shida (MBU, NZI, NTA), na W au Y hupenda kufuata. Lakini ukiona K na T zimekaa pamoja kama katika DAKTARI, au B na D kama katika LABDA, ama hilo ni neno la kukopa ama umekosea mahali. Mara nyingi mimi huwa nimekosea. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida CH, SH na NY huchukua visanduku viwili, na ng' ya ng'ombe huandikwa bila ule mkato wake: N-G-O-M-B-E, visanduku sita.

Hatua ya 3: Shuku maana ya kwanza

Watunzi wanapenda maneno mafupi yenye maana nyingi. UA ni sehemu ya mmea, ni uwanja uliozungushiwa wigo, na ni kutoa uhai. TAA ni ya mwanga, na pia ni samaki bapa. PAA ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kuruka angani. "Kifaa cha kukunia nazi (5)" kiliwahi kunisumbua kwa sababu nilitafuta jina la chombo nisilolijua, kumbe ni MBUZI. Ukikwama, jiulize: je, ni neno ninalolijua vizuri ila kwa maana nyingine?

Angalia na tahajia. Maneno ya mwisho ya anayeaga dunia ni WOSIA, WASIA au USIA. Yote hutumika, na ni herufi ya njia panda itakayokuambia mtunzi alichagua lipi.

Hatua ya 4: Fungua kamusi, lakini kwa mlango wake

Kamusi huorodhesha vitenzi bila ku- na nomino katika umoja. Ukitafuta "mitumbwi" hutaikuta, tafuta "mtumbwi". Kitenzi kilichonyambuliwa, mathalani "pigana", mara nyingi kimewekwa chini ya mzizi wake, "piga". Ukiwa na herufi mbili za mwanzo, pitia ukurasa mzima kwa kidole ukihesabu herufi. Ni kazi ya polepole, ila njiani unaokota maneno ambayo hukuyatafuta.

Angalia mwaka wa kamusi yako. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, kabla watu hawajaanza kuzungumzia tovuti na barua pepe. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ni ya mwaka 2015. Nakala ya zamani itakufaa kwa maneno ya mabaharia na mafundi, usiitegemee kwa maneno ya kompyuta.

Hatua ya 5: Mwulize mtu anayestahili kuulizwa

Usiseme tu "hili ni neno gani?" Msomee kidokezo neno kwa neno, mpe idadi ya herufi, mtajie ulizonazo na mahali zilipo: "Herufi tatu, ya katikati ni M." Na chagua mtu kulingana na kidokezo. Maradhi yaulize kwa muuguzi, mbao kwa seremala, mpira kwa anayeufuatilia.

Mimi nilikwama na "Sehemu ya mbele ya chombo cha baharini (3)". Nikampelekea mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia. Nilimwambia, "Babu, usinitajie. Nisogeze tu." Akafikiri kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nikaipata OMO hapohapo, na juu yake nikapata TEZI, sehemu ya nyuma, na NGAMA, tumbo la chombo ambamo maji hukusanyika. Maneno matatu kwa swali moja, na hadi leo hayajanitoka.

Hatua ya 6: Simu, kwa tahadhari

Baadhi ya kamusi za intaneti hukuruhusu kuweka alama ya kuuliza badala ya herufi usiyoijua, mfano H?M?K?. Hiyo ni halali kabisa kwangu. Programu za kujibu maswali nazo husaidia, lakini hesabu herufi mwenyewe, kwa sababu zinaweza kukupa neno zuri la herufi saba mahali pa sita bila kusita.

Hatua ya 7: Jawabu lililochapishwa

Magazeti mengi hutoa jawabu katika toleo linalofuata. Likitoka, lifunike kwa kipande cha karatasi na ufunue kisanduku kimoja tu, kile chenye njia panda nyingi kuliko vyote. Rudi kwenye fumbo ukajaribu tena. Ukikwama, funua kingine.

Neno lililokushinda kabisa liandike kwenye daftari pamoja na kidokezo chake kama kilivyochapishwa. Langu limepangwa kwa idadi ya herufi badala ya alfabeti, kwa sababu kwenye fumbo idadi ndiyo kitu cha kwanza ninachokuwa nacho.