Kabla hujanunua kamera kubwa, ikodi usiku mmoja

Dukani kila kamera ni nzuri. Ukitaka kuijua hii ya bila kioo cha ndani (mirrorless) unayoitamani, ikodi kwa kazi moja, na iwe ya ukumbini, usiku. Chini ya taa za LED za rangi ndipo michirizi hujitokeza, ile inayokatiza shela ya bibi harusi, nawe huioni mpaka ufungue picha nyumbani.

Chanzo ni taa hizo kuwaka na kuzima haraka huku sensa, kipande kinachonasa picha, ikisomwa mstari kwa mstari unapotumia shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalosogea. Nikon Z9 ya 2021 haina kabisa shata ya mitambo, ila sensa yake husomwa haraka mno. Sony A9 III husoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, lakini ISO yake ya kawaida, yaani kiwango cha kuhisi mwanga, huanzia 250, na megapikseli ni 24 hivi dhidi ya 45 za Z9. Anayechapisha mabango, mimi ningempa Z9.

Piga sehemu ileile kwa kasi ya shata ya sekunde 1/125, 1/500 na 1/2000, kisha kuza picha utafute michirizi ukutani na kwenye ngozi. Halafu shikilia kitufe bila kuachia hadi kamera ianze kusita, ukitumia aina ya kadi utakayomudu kununua, si ile ya muuzaji. Kadi za kasi za CFexpress zina bei, ziingize kwenye hesabu mapema.

Na shingo yako je? Z9 ina kilo 1.3 hivi kabla ya lenzi. Ongeza lenzi ya kuvuta ya milimita 70-200, subiri keki ikatwe.